Sauti ya mashine kwenye kozi: kabla hujabadili sauti, badili skripti

Swali: Mimi ni mratibu wa mafunzo katika kampuni ya maghala na usafirishaji Dar es Salaam. Tuna kozi 14 za usalama kazini kwenye Moodle (mfumo wetu wa kozi za mtandaoni), kila moja ina slaidi kama 40. Wengi huzifungua kwa simu, na wanalalamika kwamba kusoma kunawachosha. Nilichukua maandishi ya slaidi nikayabandika kwenye huduma ya kugeuza maandishi kuwa sauti. Kilichotoka kinachekesha: namba zinasomwa ovyo, neno "forklift" halieleweki, na baada ya dakika mbili mtu anasinzia. Je, nitafute sauti bora zaidi, nimlipe mtu asome, au niachane na jambo hili? Na ipo sauti ya Kitanzania, au ni ya Kikenya tu?

Jibu: Usiachane nalo, na usiharakishe kubadili sauti. Kwa mafunzo ya usalama ghalani, sauti za Kiswahili zilizopo sasa zinatosha. Kilichokuangusha ni kubandika slaidi kama ilivyo. Slaidi huandikwa kwa ajili ya macho: ina vifupisho, alama, tarakimu na sentensi nusunusu, na msomaji hujazia mapengo mwenyewe bila hata kujua kwamba amejazia. Mashine haijazii. Inasoma ilichokiona, na isipoelewa inabahatisha kwa ujasiri uleule. Kwa hiyo kazi kubwa iliyo mbele yako ni kuandika matini ya pili, yaani skripti ya kusikilizwa tu, ambayo mwanafunzi hataiona kwenye skrini. Huko ndiko muda wako utakakokwenda. Kwanza tumalize la sauti, maana jibu lake ni fupi.

Kwenye huduma ya Azure ya Microsoft kuna sauti nne za Kiswahili. Rehema na Daudi zimewekwa chini ya Tanzania, Zuri na Rafiki chini ya Kenya. Majina kamili unayoyaandika kwenye programu ni sw-TZ-RehemaNeural, sw-TZ-DaudiNeural, sw-KE-ZuriNeural na sw-KE-RafikiNeural. Kwa wafanyakazi wa Dar anza na mbili za kwanza, lakini uamuzi uufanye kwa sikio. Zipe zote nne sentensi zilezile zenye matamshi yanayokwaza: "Mgonjwa wa ng'ambo alivuka nchi kavu." "Ghala la dhahabu lilifungwa tarehe thelathini." "Mbwa wa mlinzi amelala mvunguni." Sikiliza kama m ya mlinzi na n ya nchi zinasimama zenyewe au zinamezwa, kama gh na dh zinabaki zilivyo, na kama ng' ya ng'ambo haigeuki kuwa ng ya ngoma. Kisha wape wafanyakazi watatu au wanne wasikilize kupitia simu zao, na waulize swali moja tu: ni ipi isiyowachosha?

Ukitaka kitu kisichotegemea intaneti, Piper ni programu huria inayozalisha sauti ndani ya kompyuta yako. Sauti yake ya Kiswahili imetokana na Kiswahili cha Kongo, na watu wako watalisikia hilo mara moja. eSpeak NG nayo inasoma Kiswahili na ni nyepesi mno, ila ni ile sauti ya roboti. Inafaa kukagulia skripti, haifai kufundishia. Mwaka 2023 Meta walitoa modeli za sauti ziitwazo MMS zinazosoma lugha zaidi ya 1,100, Kiswahili kikiwemo, lakini leseni yake ni CC BY-NC, yaani si ya matumizi ya kibiashara. Kampuni inayotafuta faida isiiguse bila kuuliza mwanasheria. Zipo pia programu za bure zinazochota sauti za Azure kwa kupitia mlango wa kivinjari cha Edge. Kwa majaribio ni sawa. Kwa kozi ya kampuni hapana, kwa sababu hakuna mkataba unaokulinda mlango huo ukifungwa kesho.

Kuna njia moja utakayoshauriwa na fundi wa tovuti, nayo ni kuiachia simu au kompyuta ya mwanafunzi isome yenyewe wakati huohuo. Ikatae. Kivinjari hutumia sauti iliyomo kwenye kifaa, na kompyuta nyingi za ofisini hazina sauti ya Kiswahili. Matokeo yake ni sauti ya Kiingereza inayosoma Kiswahili kama mtalii aliyeshika kitabu cha misemo. Zalisha faili za sauti mara moja, zihakiki, ziweke ndani ya kozi. Kila mtu atasikia kitu kilekile.

Skripti: hapa ndipo penye kazi

Tuchukue slaidi moja ya aina uliyo nayo. Kwenye skrini imeandikwa hivi:

"Kabla ya kuendesha forklift: (1) Kagua matairi 4, breki & honi. (2) Mzigo usizidi 2,500 kg. (3) Watu < 3 m hawaruhusiwi. Ripoti kasoro kwa supervisor kabla ya 08:00."

Kwa jicho haina shida. Ibandike kwenye mashine uone. "Matairi 4" inaweza kutoka "matairi nne". Alama ya "&" na ile ya "<" zinaweza kurukwa, kusomwa kwa jina la ajabu, au, ukituma kwa SSML (lugha ya alama zinazoiambia mashine namna ya kusoma), kuangusha ombi lote lirudi na ujumbe wa kosa, kwa sababu huko alama hizo zina kazi nyingine. Koma ya 2,500 hugeuka kituo katika baadhi ya injini, yaani programu zinazotoa sauti, ukasikia "mbili, mia tano". Na 08:00? "Saa nane." Kwa Mswahili hiyo ni saa nane mchana, na dereva uliyetaka aripoti kabla ya saa mbili asubuhi umempa saa sita za ziada. Kosa hilo ni baya kuliko yote kwa sababu linasikika sawa kabisa. Hakuna anayecheka, na hakuna anayelisahihisha.

Skripti ya slaidi hiyohiyo iwe hivi:

"Kabla hujapanda foklifti, izunguke kwanza. Tazama matairi yote manne. Kanyaga breki, piga honi. Mzigo usizidi kilo elfu mbili na mia tano. Hakikisha hakuna mtu aliyesimama ndani ya mita tatu. Ukiona kasoro yoyote, mwambie msimamizi wako kabla ya saa mbili asubuhi."

Ona kwamba hatukutafsiri slaidi neno kwa neno, tumeisema. Sentensi hazivuki maneno kumi na matano, kila moja ina tendo lake, na hakuna tarakimu hata moja. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: kwenye skripti, kila namba iandikwe kwa maneno. Wenzetu wanaotumia Kiingereza wanaweza kuiachia mashine "3" ikasoma vizuri popote. Sisi hatuwezi, kwa sababu namba zetu hufuata ngeli. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika: watu watatu, mitungi miwili, vifaa vitano, matairi manne. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Mtego uko kwenye namba kubwa, kwa kuwa mkia wake nao hufuata ngeli: watu kumi na wawili, mitungi ishirini na mitano. Mashine ikiona "mitungi 25" haijui kwamba mitungi ndiyo inayotawala. Andika mwenyewe.

Asilimia hutangulia namba, kwa hiyo 70% ni "asilimia sabini". Usimwachie injini achague mpangilio. Tarehe 12/05 iandike "tarehe kumi na mbili mwezi wa tano", kwani zipo sauti zinazosoma mkwaju. Pesa zilizoandikwa "Sh 15,000/=" ziwe "shilingi elfu kumi na tano". (Wenye kupenda ubishi watasema hiyo inaweza pia kuwa elfu kumi, na shilingi tano juu yake. Kweli, lakini hakuna faini ya namna hiyo. Sikio la Mtanzania litaelewa.) Namba za simu zitenganishe kwa makundi ya tarakimu tatu tatu, na koma kati yake, ili msikilizaji apate pa kuandika.

Vifupisho viko vya aina tatu, na kila aina ina tiba yake. Vile vya uandishi, kama k.m., n.k. na Bw., vifungue: kwa mfano, na kadhalika, Bwana. Vile vinavyotamkwa kama neno, viache. OSHA hutamkwa "Osha" na mashine itaisoma hivyohivyo. Vile vinavyotajwa herufi kwa herufi viandike kwa matamshi ya watu: TBS iwe "Ti Bi Esi", NSSF iwe "Eni Esi Esi Efu". Usitarajie injini ya Kiswahili ijue kwamba Watanzania hutaja herufi hizo kwa majina ya Kiingereza. Na kama kifupisho hakina faida kwa msikilizaji, kiondoe. "PPE" kwenye sikio la mpakiaji mizigo ni kelele; "vifaa vya kujikinga" ni kofia, buti na glavu.

Maneno ya Kiingereza yaliyopenya ndiyo yanayoipa sauti ya mashine ule uchekeshaji ulioutaja. Injini ya Kiswahili huona "file" ikasoma fi-le, "software" ikawa so-ftwa-re. Tiba ni kuyaandika kwa namna yanavyotamkwa ghalani: faili, foklifti, paleti, kontena, lipoti kama ndivyo watu wako wanavyosema au ripoti kama siyo, Wotsapu, ekseli. Kwenye skrini jina la bidhaa libaki na tahajia yake. Kwenye skripti libadilike. Mwanafunzi haoni skripti, kwa hiyo huna haja ya kuona haya kuandika "Paua Pointi".

Sasa alama moja ndogo inayosumbua sana na watu hawaijui: ile ritifaa (kialama cha juu) ya ng'. Word hubadili ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda, kwa kudhani unafungua au unafunga nukuu. Baadhi ya injini zikiona iliyopinda huikata "ng’ombe" vipande viwili, ng kisha ombe. Kabla ya kutuma chochote, tafuta alama zote zilizopinda, ya kushoto na ya kulia, uzibadili ziwe '. Fanya hivyo kila mara unapopokea skripti kutoka kwa mtu mwingine, hata kama alikuapia kwamba ameshasafisha.

Mkazo nao una mambo yake. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti zote tulizozitaja zinalijua hilo. Zinakwama kwenye maneno machache yanayokiuka. Barabara ya magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa vilevile, lakini ya pili mkazo wake uko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho. Mashine itaisoma ile ya magari. Usipigane nayo, andika "sawasawa" uendelee na kazi.

Na maswali. Tukiongea, "Umefunga mlango?" na "Umefunga mlango." tunazitofautisha kwa kiimbo tu. Mashine mara nyingi huisoma ile ya swali ikiwa bapa kama taarifa, na mwanafunzi hajui kwamba ameulizwa. Tanguliza "Je," kwenye kila swali la ndiyo au hapana. Kwa maandishi "Je" nyingi huchosha. Kwa sauti ya mashine ndizo zinazolibeba swali.

Kwa nini watu wanasinzia

Hili si kosa la sauti. Ukiweka maandishi yote kwenye skrini kisha sauti ikayasoma yaleyale, jicho hukimbia mbele, humaliza kwa sekunde kumi, halafu hukaa likisubiri sauti imalize sekunde thelathini zilizobaki. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametafiti jambo hili kwa miaka mingi: watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yaleyale kwa pamoja. Yapo mazingira ambamo maandishi husaidia, kama istilahi ngumu, au pale wanafunzi wanapojifunza kwa lugha isiyo yao. Lakini kwa foklifti na mtungi wa kuzimia moto, kanuni inakufaa.

Maana yake ni kwamba ukiongeza sauti lazima upunguze maandishi. Kwenye slaidi yetu weka picha ya foklifti, mishale minne kwenye matairi, "Kg 2,500" na "Mita 3". Basi. Mengine yasemwe. Ukiona huna picha ya kuweka, huenda slaidi hiyo haihitaji sauti, inahitaji kufutwa.

Hapa wengi hushtuka: na aliye na tatizo la kusikia, au aliye ghalani penye kelele? Huyo apewe manukuu anayoweza kuyawasha mwenyewe, na yawe yamezimwa mwanzoni. Manukuu yatoe kwenye maandishi ya kawaida yenye tarakimu na tahajia sahihi, siyo kwenye skripti ya sauti. Hutaki mtu asome "Eni Esi Esi Efu" kwenye skrini. Umbizo la faili ya manukuu ni WebVTT, na vyombo vingi vya kutengenezea kozi vinalipokea.

Kuzalisha sauti

Weka skripti zote kwenye jedwali moja: safu ya kozi, slaidi, maandishi ya skrini, skripti ya sauti, jina la faili, tarehe ya kuzalisha. Jina la faili liwe kama k03_s012_v2, yaani kozi ya 3, slaidi ya 12, toleo la 2. Jedwali la pili liwe kamusi yako ya matamshi: kushoto neno kama lilivyoandikwa, kulia namna linavyopaswa kuandikwa kwa sauti. Kamusi ikishafika maneno hamsini hivi, kutafuta na kubadilisha kunaweza kufanywa na programu, na kozi ya tano itakuchukua sehemu ndogo ya muda uliotumia kwa ya kwanza.

Kwa vituo na kasi, tumia SSML. Mfano unaofanya kazi kwenye Azure:

<speak version="1.0" xmlns="http://www.w3.org/2001/10/synthesis" xml:lang="sw-TZ"><voice name="sw-TZ-RehemaNeural"><prosody rate="-8%">Tazama matairi yote manne. <break time="700ms"/> Kanyaga breki, piga honi.</prosody></voice></speak>

Kupunguza kasi kati ya asilimia 5 na 10 huwafaa wanaosikiliza kwa spika ya simu. Ukipita 15 irabu huanza kuvutwa na sauti inakuwa ya mlevi. Kituo cha milisekunde 700 kiweke pale tu mwanafunzi anapotakiwa kutazama kitu kwenye picha. Kwingine nukta na koma zinatosha, na ukitia vituo kila sentensi unarudi kwenye roboti uliyekuwa unamkimbia. Kama ndani ya matini kuna "&" au "<" ambayo ni lazima ibaki, iandike &amp; au &lt;, ingawa kwenye skripti nzuri hazitakuwepo.

Faili moja kwa slaidi moja. Usizalishe kozi nzima kwa mkupuo ukaikata baadaye; neno moja likibadilika utaanza upya. Omba WAV, yaani sauti isiyobanwa, kwa Azure ni riff-24khz-16bit-mono-pcm, kisha ibane wewe mwenyewe mara moja tu. Ukipokea MP3 ukaichakata ukaitoa tena MP3, umeibana mara mbili, na s na sh huanza kuchakaa. Kusawazisha ukubwa wa sauti na kubana kunafanyika kwa amri moja ya ffmpeg, programu huria ya kuchakata sauti:

ffmpeg -i k03_s012_v2.wav -af loudnorm=I=-16:TP=-1.5 -ar 24000 -ac 1 -b:a 64k k03_s012_v2.mp3

Usiisahau "-ar 24000". Kichujio cha loudnorm, kinachosawazisha sauti, hupandisha kiwango cha sampuli kikifanya kazi, na bila kukitaja kiwango faili hutoka na kile usichokichagua. Usawazishaji huu una umuhimu hasa ukichanganya sauti ya mashine na ya mtu. Bila huo mwanafunzi atakuwa anapandisha na kushusha sauti kila slaidi.

Sasa hesabu. Slaidi 40 za sekunde 40 ni sekunde 1,600. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, kila sekunde ni kilobaiti 8, kwa hiyo kozi moja ni MB 12.8. Kwa kilobiti 48 ni MB 9.6, na kwa sauti ya mtu mmoja anayeongea bila muziki tofauti haisikiki kwenye simu. WAV zenyewe zingekuwa karibu MB 77. Kama wafanyakazi wanatumia bando lao, chukua 48.

Kuiingiza kwenye Moodle

Chombo chochote unachotumia kutengenezea slaidi kina sehemu ya kuingiza sauti kwa kila slaidi. Hapo hakuna siri. Toa kozi kwa SCORM 1.2, umbizo la kufungashia kozi, kwa sababu ndiyo Moodle inayoifuata. Ya 2004 itakuletea matatizo ya kuhifadhi alama. Ukipakia ukaambiwa faili ni kubwa mno, angalia php.ini, faili ya mipangilio ya seva: PHP huja na upload_max_filesize ya MB 2 na post_max_size ya MB 8, na kifurushi chako chenye sauti kimevuka zote mbili. Mwombe msimamizi wa seva azipandishe zote pamoja. Akipandisha moja tu, upakiaji utaendelea kukataa na mtalaumiana bure.

Malalamiko ya kwanza yatakayokufikia ni "slaidi ya kwanza haina sauti". Tangu toleo la 66 la mwaka 2018, Chrome huzuia sauti kujicheza mpaka mtumiaji aguse ukurasa, na vivinjari vya iPhone vina masharti ya namna hiyo. Slaidi ya kwanza iwe kimya, yenye kitufe kikubwa cha "Anza". Akikigusa, zinazofuata kwa kawaida hujicheza. Na kila slaidi iwe na kitufe cha kusimamisha kinachoonekana. Miongozo ya WCAG, ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, inakitaka pale sauti inapojicheza kwa zaidi ya sekunde 3, na mtu aliyepigiwa simu katikati ya somo atakitaka zaidi.

Usifunge kitufe cha "Endelea" mpaka sauti iishe. Mabosi hulipenda hilo kwa kuwa linaonekana kama uthibitisho kwamba mtu amesikiliza. Linathibitisha tu kwamba simu ilikuwa inaongea juu ya meza. Uthibitisho utafute kwenye maswali.

Ukaguzi, gharama, na sauti ya mtu

Kozi 14 za hesabu ile ni saa 6 na dakika 13 za kusikiliza. Zisikilize zote, kwa kasi ya kawaida, kwa spika ya simu, na anayesikiliza asiwe aliyeandika skripti wala asiwe nayo mkononi. Mwandishi husikia alichokikusudia. Msikilizaji akiandika "sijaelewa" kwenye slaidi fulani, usimwoneshe maandishi ili aelewe, badili skripti. Saa zinazotajwa ndani ya skripti ndizo za kukaguliwa mara mbili, kwa sababu tuliyoieleza.

Gharama ya mashine ni ndogo kuliko unavyodhani. Sauti ya mafunzo kwa Kiswahili kadiria maneno 110 hadi 120 kwa dakika, kwani maneno yetu ni marefu. Pima kwa sauti uliyoichagua. Kozi zako zote zitakuwa na maneno kama 43,000, karibu herufi 280,000. Kiwango cha bure cha Azure ni herufi 500,000 kwa mwezi kwa sauti za neva (neural) kama hizo nne, kwa hiyo zinaingia. Ila kila unapozalisha upya unahesabiwa upya, na alama za SSML karibu zote nazo zinahesabiwa. Zalisha slaidi iliyobadilika tu. Gharama halisi ni saa za mwandishi wa skripti.

Msomaji wa kulipwa mpeleke kwingine. Masomo yanayobadilika mara kwa mara, yenye vipimo na taratibu, yape mashine. Ufunguzi wa kozi, dakika moja hivi, na simulizi ya ajali iliyotokea kweli, virekodiwe na mtu, na ikiwezekana awe msimamizi ambaye wafanyakazi wanamjua. Mashine ikisimulia kidole kilichokatika, inakisimulia kwa sauti ileile ya kusoma uzito wa paleti. Simu nzuri, chumba chenye mapazia na feni iliyozimwa vinatosha kurekodi hilo.

Kama utashawishika kunakili sauti ya msimamizi huyo ili mashine iongee kama yeye, pata kwanza idhini yake ya maandishi inayotaja kozi, muda, na nini kitafanyika akiacha kazi. Sauti inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Kwa tawi lenu la Kenya, kama lipo, ni ile ya mwaka 2019.

Mwisho, tunza WAV zote na jedwali lako lenye tarehe. Watoa huduma huboresha sauti zao kimyakimya, na Rehema wa mwakani anaweza asifanane kabisa na wa leo. Ukibadilisha slaidi mbili tatu na ukasikia tofauti, zalisha upya sura nzima kuliko kuacha viraka.